Mtungi Mmoja, Siku Arobaini na Moja

Siku ya 1

Mwalimu wangu wa ufinyanzi ameniagiza niandike uzito na urefu wa mtungi wangu katika kila hatua. "Macho yatakudanganya, mwanangu. Mizani haina mapenzi." Basi msomaji asishangae kukuta namba nyingi humu.

Tumeteremka kwenye ukingo wa mto uliokatwa na mafuriko. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi tele, mzuri wa kupandia, haututoshi kwa lolote. Chini yake, kama urefu wa mkono, unaanza mkanda wa kijivu unaong'aa kila jembe linapopita, laini kama sabuni iliyolowa. Mwalimu alimega donge, akalisokota likawa kamba nene kama kalamu, akalizungusha kwenye kidole cha shahada. Halikupasuka. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikajaza ndoo mbili.

Udongo huu zamani ulikuwa jiwe. Ndani ya miamba kama graniti mna madini yaitwayo feldispa, na maji ya mvua, yenye asidi kidogo, huyala polepole kwa muda ambao binadamu hana kipimo chake. Mabaki yake ni chembe bapa, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita. Ubapa huo ndio siri yote. Chukua vipande viwili vya kioo kikavu, vilaze kimoja juu ya kingine: havina habari kati yao. Tia maji katikati: vinateleza, lakini kuvibandua ni kazi. Udongo wa mfinyanzi ni mamilioni ya vioo hivyo. Ndiyo maana unafinyangika, na ukiachiwa unabaki na umbo ulilopewa, jambo ambalo mchanga hauwezi hata ukiubembeleza.

Udongo uliobaki palepale mwamba wake ulipooza huwa mweupe. Jina kaolini lenyewe limetoka Gaoling, mahali karibu na Jingdezhen nchini China, mji wa kaure kwa karne nyingi. Wetu umesafiri. Mto umeusaga, umeupa ulaini, na njiani umeokota chuma na mabaki ya majani. Huo ukijivu ni majani yaliyooza. Utaungua uondoke.

Siku ya 2, 3 na 4

Tunaukausha. Niliuliza kwa nini tuukaushe udongo ambao keshokutwa tutauloweka. Mwalimu hakujibu, aliweka mabakuli mawili ya maji mezani, akatia donge bichi katika moja na donge kavu kabisa katika lingine. Donge kavu lilianza kutoa mapovu, likamomonyoka kama ukuta wa tope kwenye mvua, na kabla sijamaliza kufagia uwanja lilikuwa uji. Donge bichi lipo vilevile hadi jioni. Lililokwisha kushiba maji halinywi tena.

Siku ya 5

Kuchekecha. Uji wa udongo unamiminwa kwenye chekeche la matundu madogo, unasukumwa kwa brashi, unaingia kwenye ndoo kama maziwa mazito. Juu ya chekeche vinabaki mizizi, kokoto, na vipande vya makombe, yaani magamba ya konokono. Nilitaka kupuuza makombe, madogo kiasi hicho. Mwalimu alinishika mkono. Kombe ni chokaa. Likichomwa linageuka chokaa hai, na chokaa hai hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Chombo kinatoka kizima kwenye joko, tanuri la kuchomea vyombo, kinasifiwa, kinawekwa rafuni, kisha wiki kadhaa baadaye kinarusha kibonge kutoka ubavuni na kuacha shimo lenye kidoa cheupe. Nimechekecha mara mbili.

Siku ya 8

Uji umetulia. Maji safi ya juu tumeyavuta kwa mpira, uji mzito wa chini tumeumwaga kwenye vibao vya plasta ambavyo hufyonza maji kama mdomo wa mwenye kiu. Kufikia alasiri udongo ulikuwa ukibanduka wenyewe.

Tumechanganya unga wa vigae, yaani vyombo vilivyovunjika vikatwangwa na kuchekechwa. Chembe hizo zimekwisha kuungua, kwa hiyo hazisinyai tena. Zinaushikilia udongo mbichi na kuupa njia za kutolea maji. Napenda wazo kwamba ndani ya kila mtungi mpya mna mtungi uliokufa.

Kabla ya kuweka akiba nimetengeneza kipande bapa cha majaribio, nikachora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili kwa ncha ya sindano. Hicho kitatangulia jokoni pamoja na kazi za wengine, kikiwa juu ya sahani kuukuu ili kikiyeyuka kisiharibu rafu.

Siku ya 9 hadi 19

Udongo umefungwa kwenye nailoni, unalala. Ukilala unakuwa mtiifu zaidi, maji yanafika kila chembe na vijidudu vinafanya kazi yao, na harufu inakuwa ya kinamasi. Sina la kuandika zaidi. Nimefagia kwa maji, si kwa ufagio mkavu: vumbi la udongo lina silika, madini ya mchanga, na silika ikiingia mapafuni haitoki.

Siku ya 20

Kipande cha majaribio kimerudi kutoka nyuzi 1,260 za Selsiasi. Kijivu kimekufa, rangi ni ya mchanga wa pwani, kingo hazijalegea. Mstari wangu wa sentimita 10 sasa ni 8.8. Asilimia 12 imetoweka.

Nilisikitika, Mwalimu akacheka. Kusinyaa huku ndiko kulikowapa watu kipimajoto cha kwanza cha joko. Mwaka 1782 Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, aliwasilisha kifaa cha kupima joto kali ambalo kipimajoto cha zebaki hakiliwezi: alitia vipande vya udongo jokoni, akavipenyeza kwenye mfereji unaozidi kuwa mwembamba, na kadiri kipande kilivyokwenda mbali ndivyo kilivyokuwa kimesinyaa, ndivyo moto ulivyokuwa mkali. Kwake hasara iligeuka rula.

Siku ya 21

Leo ndiyo siku watu huipiga picha.

Kwanza kukanda. Donge la gramu 2,500 linasukumwa kwa viganja, linavutwa, linageuzwa robo, linasukumwa tena, mpaka linaonekana kama kichwa cha kondoo dume. Mara themanini, mara mia. Nikalikata kwa waya katikati: kijitundu kimoja. Nikarudia. Kijitundu cha hewa kinayumbisha vidole wakati wa kuvuta ukuta.

Halafu gurudumu. Nililibamiza donge katikati, au nilipodhani ni katikati. Kuweka donge kati ni kazi isiyoonekana, na mtu asiyeijua hudhani mfinyanzi anapapasa tu. Viwiko vimekandamizwa kwenye mapaja, mkono wa kushoto unasukuma kutoka ubavuni, wa kulia unakandamiza kutoka juu, na mwili mzima unakuwa kigingi ambacho donge halina budi kukubaliana nacho. Nilipambana nalo muda mrefu. "Usilifuate," Mwalimu alisema. "Wewe kaa. Litakuja." Nikakaa. Likaja: ghafla lilikuwa linazunguka kwa kasi na likionekana limesimama.

Dole gumba likafungua shimo. Hapa nilibanwa na kosa la wanagenzi wote, kusahau kukandamiza sakafu ya chombo. Sakafu isiyokandamizwa hupasuka ikikauka, ufa wenye umbo la herufi S. Nilikumbushwa kwa kikohozi.

Kuvuta ukuta ni mara tatu, nne ukithubutu. Vidole vya ndani na vya nje vinabana udongo chini kabisa na kupanda nao polepole. Kila mpando unataka maji mkononi ili udongo usishike ngozi, na kila tone la maji linaulegeza ukuta uleule unaotaka usimame. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nami nilikuwa nikiuelewa msemo huo kama onyo juu ya kuchelewa. Kwenye gurudumu nimeona upande wake wa pili: ukizidi maji nao unakukimbia. Mtungi wangu wa kwanza ulifanya kiuno, ukajikunja, ukakaa chini kama mtu aliyepigwa na jua. Nikaukusanya, nikaukanda, nikaanza upya. Wa pili ulisimama. Nikatoa dimbwi lililobaki ndani kwa sponji, nikapima: sentimita 30.0.

Nikiwa nanawa mikono nilisema, kwa majivuno kidogo, kwamba bila gurudumu mtu hafiki popote. Mwalimu alinijibu kwa mfano wa Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye sura yake imo nyuma ya noti ya naira 20 ya nchi yake. Yeye alijenga kwa kamba za udongo, kamba juu ya kamba. Chombo kilisimama tuli na yeye ndiye aliyekizunguka. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza kwa wafinyanzi wa Abuja ya zamani, leo Suleja, Ladi Kwali akiwemo, na mitungi yake iliyosuguliwa ikang'aa bila glezi, yaani ngozi ya kioo, imo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Nilinyamaza.

Siku ya 22

Mtungi una ugumu wa ngozi: ukiugusa ni baridi, ukiubonyeza haubonyei, ukiukwaruza unatoa utepe mrefu. Nimeupindua kwenye gurudumu nikachonga kitako, tepe zikiruka. Kitako kizito ni dalili ya woga.

Masikio mawili nimeyabandika begani. Pande zote mbili zinakwaruzwa, zinapakwa uji wa udongo uleule, zinasukumwa mpaka uji unatoka pembeni. Masharti ni unyevu sawa. Sikio bichi kwenye mwili mkavu husinyaa peke yake, kisha huanguka. Gramu 1,880.

Siku ya 24

Kwa vipande vilivyosalia nimefinyanga kikombe kidogo kwa vidole. Kitako nimekiacha kinene. Nakiandika hapa kwa sababu kitarudi kwenye simulizi hii kwa njia mbaya.

Siku ya 23 hadi 32

Kukauka, chini ya nailoni, kisha nailoni iliyofunguliwa upande mmoja, kisha nailoni juu ya mdomo na masikio tu, maana hayo hukimbilia kukauka kabla ya tumbo. Udongo haupasuki kwa sababu umekauka. Unapasuka kwa sababu sehemu moja imetangulia nyingine.

Mwalimu anakunywa kwenye kikombe chenye pengo mdomoni, na bakuli lake la kunawia limeungwa kwa gundi. Rafu imejaa vyombo vizima. Mfinyanzi hulia gaeni, nilimtania. "Vizima vina wenyewe," akasema.

Siku ya 32 jioni: gramu 1,580, sentimita 28.2. Gramu mia tatu za maji zimetoka mlangoni na hakuna aliyeziona. Mtungi sasa umepauka, na ni dhaifu kuliko utakavyokuwa wakati wowote mwingine; sikio lingekatika kwa kidole kimoja.

Siku ya 33

Uchomaji wa kwanza. Kabla ya kupakia, kila chombo kinawekwa shavuni. Chombo chenye unyevu ni baridi shavuni kwa sababu maji yanaendelea kufuka. Mtungi ulikuwa na joto la chumba. Kikombe changu kilikuwa na ubaridi kidogo. Kidogo tu, nilijiambia.

Mwalimu aliniachia joko, akasema liache kwenye nyuzi 90 usiku kucha. Niliacha saa mbili, nikaongeza moto, kwa kuwa nilitaka kuona mwisho. Sababu nyingine sina.

Mlio ulikuja mapema, mfupi na mzito, kama mlango uliofungwa chumba cha tatu. Wengi hulaumu hewa iliyofungiwa ndani ya udongo. Hewa haina hatia kubwa, inapita. Mwuaji ni maji. Yakichemka yanadai nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya awali, na katikati ya kitako kinene hakuna njia ya kutokea. Kinachofuata ni bomu la ukubwa wa ngumi.

Joko likaendelea. Maji niliyodhani yameisha yalikuwa bado yapo, yale yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe: katika kaolini tupu ni karibu asilimia 14 ya uzito. Haya hayatoki kwa jua wala upepo. Yanaanza kuachia kwenye nyuzi 450 hivi, na yakishatoka udongo haurudi kuwa udongo. Uloweke mwaka mzima, hautamomonyoka. Nadhani hapo ndipo kazi ya mfinyanzi inapopatikana, gizani, mlango umefungwa, wala si kwenye gurudumu mbele ya watu. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatsi, silika iliyomo udongoni, hubadili mpangilio na kuvimba ghafla, basi pale nilipita taratibu, mara hii bila kujidai. Halafu mabaki ya majani yakaungua. Nyuzi 960, nikazima.

Siku ya 35

Kikombe ni vipande na unga. Kibonge kimoja kilimpiga jirani, bakuli la mwanagenzi mwingine, likapata ufa. Nimemwomba radhi. Mwalimu alikusanya vigae akanipa kinu: "Twanga. Udongo ujao unavihitaji."

Mtungi ni mzima. Gramu 1,455, sentimita 28.1. Ukiugonga unaitikia. Ulimi ukiugusa unanata, kwa sababu una matundu ya kunywa maji kila mahali.

Siku ya 36

Glezi. Watu huidhania kuwa rangi, kumbe ni kioo, na unga wake ni mawe. Silika ndiyo kioo chenyewe, lakini peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 1,700, joto ambalo joko letu halina na mtungi usingelistahimili. Hivyo inapewa wasaidizi wa kuiyeyusha, feldispa na chokaa, na kaolini kidogo ya kuifanya nzito isiteremke yote ikagandisha mtungi kwenye rafu. Tulipima feldispa sehemu 4, silika 3, chokaa ya mawe 2, kaolini 1, hesabu ya zamani ambayo wafinyanzi wengi wanaijua kwa vidole. Juu ya hayo asilimia 4 ya oksidi ya chuma. Kobalti ingetoa buluu hata kwa asilimia moja tu. Shaba hutoa kijani jokoni penye hewa ya kutosha, na nyekundu moto ukinyimwa hewa. Risasi iliwahi kutumika sana kwa kuwa huyeyuka kirahisi na kung'aa, nayo ikawatia sumu mafundi na watumiaji; humu karakanani haiingii. Tulivaa barakoa wakati wote wa kupima unga.

Kitako kilipakwa nta ili glezi isishike. Nikaujaza mtungi ndani, nikaumwaga huku nikiuzungusha, kisha nikaushika kwa koleo nikauzamisha, nikahesabu hadi tatu. Ukatoka umevaa ngozi ya unga iliyokauka mbele ya macho. Matundu yaliyonyonya ulimi wangu jana yalinyonya maji ya glezi na kuuacha unga nje. Siku zote hizi tumekuwa tukiyafukuza maji, na leo yametubebea mzigo. Gramu 1,560. Karibu na sikio moja nilishika kwa kidole chenye mafuta. Nilifuta haraka.

Siku ya 38

Uchomaji wa pili. Mbele ya kitundu cha kuchungulia zimesimama koni tatu ndogo. Kipimajoto cha joko kinasoma nyuzi. Koni zinasoma kazi ya moto, yaani joto pamoja na muda. Hermann Seger alizitunga Ujerumani mwaka 1886, kwa mchanganyiko unaofanana na glezi yenyewe, kwa hiyo koni inapoinama inakuambia kinachomtokea mtungi ulio nyuma yake. Ya kwanza iliinama saa kumi jioni. Ya pili, tuliyoitaka, ilianza kushusha kichwa usiku. Kupitia miwani nyeusi sikuona chombo, niliona ukingo tu, weupe juu ya weupe. Mwalimu alisimulia habari za Bernard Palissy, Mfaransa wa karne ya 16, ambaye kwa kutafuta glezi nyeupe alichoma samani na mbao za sakafu ya nyumba yake kuni zilipomwishia. "Mkewe alisemaje?" nikauliza. "Ndiyo sehemu inayofaa kusimuliwa," alisema, akazima joko.

Siku ya 39

Joko limefungwa. Nimekatazwa kuligusa, nami sikuligusa. Kikombe kilinifunza.

Siku ya 40

Nyuzi 60, mlango umefunguliwa. Glezi ina rangi ya asali tumboni, kahawia begani na mdomoni ilipokuwa nyembamba. Kwenye sikio pana doa lililo uchi, mwili wa mchanga unaonekana, ukubwa wa kidole changu chenye mafuta. Glezi ilijikunyata ikapakwepa.

Ulikuwa ukilia, ting, baada ya kitambo tena ting. Glezi na mwili hazisinyai kwa kipimo kimoja zinapopoa. Glezi ikivutwa kupita uwezo wake inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mwalimu alisikiliza, akahesabu, akasema ni chache.

Gramu 1,550. Sentimita 26.4.

Siku ya 41

Jana jioni niliujaza maji hadi shingoni nikauweka juu ya karatasi ya gazeti. Mara ya mwisho maji kukaa ndani yake niliyafyonza kwa sponji, nikayakaushia siku kumi, nikayachemshia mpaka yakavunja kikombe.

Asubuhi nimeunyanyua. Chini ya kitako, wino wa gazeti haujatawanyika. Mwalimu ametia kidole kwenye karatasi, akakisugua na dole gumba, akaniuliza ndoo za udongo nimeziweka wapi.